Mkunga Anayejua Kungoja

Mwanamke anayejifungua kwa mara ya kwanza hamwoni mkunga wake. Anasikia sauti, anaona mipira ya mikono, anakumbuka kwamba aliambiwa asisukume na baadaye akaambiwa asukume; mengine yote humezwa na hofu. Uzazi wa pili ndio unaompa mtu macho. Asikudanganye mtu kwamba wa pili hauumi. Unauma. Lakini mwili umeshaipita njia hii, na kati ya uchungu na uchungu akili hupata nafasi ya kutazama kinachotendeka. Nafasi hiyo mimi niliitumia kumtazama mkunga.

Alikuwa mtu mzima, rika la mama yangu. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeegemea mlango wa leba, akaitikia marahaba, akaisoma kadi yangu ya kliniki mstari kwa mstari, na tangu hapo akaniita Mama Neema, kwa jina la mwanangu wa kwanza. "Mama Neema, kwa Neema uchungu ulichukua muda gani? Damu ilitoka sana? Ulishonwa?" Hayakuwa maswali ya kupitisha wakati. Aliyevuja damu nyingi safari iliyopita yumo hatarini kuvuja tena, na aliyezaa upesi huenda safari hii asipate hata muda wa kupanda kitanda vizuri.

Kisha akaweka mikono tumboni. Kiganja kimoja juu, kutafuta makalio ya mtoto. Viganja viwili ubavuni, kutafuta mgongo uko upande gani. Mwisho vidole juu ya mfupa wa kinena, kupima kichwa kimebaki juu kiasi gani. Vitabu vya uuguzi hulihusisha papaso hili na daktari Mjerumani, Christian Leopold, aliyelieleza mwishoni mwa karne ya 19, ingawa mikono ya wakunga wengi ilikuwa ikiyajua hayo kabla yake. Kichwa cha mwanangu kilikuwa bado juu. Mimi nikaingiwa na wasiwasi, yeye hakubadilika uso. Kwa mimba ya kwanza kichwa mara nyingi huingia kwenye nyonga wiki kadhaa kabla ya siku. Kwa mimba zinazofuata kinaweza kukaa juu mpaka uchungu uanze, kisha kikashuka ghafla. Alinieleza hivyo kwa sentensi moja, akaendelea na kazi.

Akachukua fetoskopu, kile kibomba kifupi chenye mdomo mpana ambacho Mfaransa Adolphe Pinard alikitengeneza mwaka 1895 na ambacho hakihitaji umeme wala betri. Akakipachika pale alipoupata mgongo wa mtoto, akabandika sikio upande wa pili, halafu akakiachia. Kifaa kikabaki kimebanwa na sikio peke yake, maana vidole vikikigusa huleta mikwaruzo inayofunika sauti. Mkono uliokuwa huru ukashika kifundo cha mkono wangu. Huko nako alikuwa kazini: alikuwa akisikiliza mapigo yangu kwa ncha za vidole ili asije akayachanganya na ya mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Na alichagua wakati. Alisikiliza dakika nzima, mara tu uchungu ulipoachia, kwa sababu hapo ndipo mtoto aliyechoka hujulikana: mapigo yake hushuka wakati wa mkazo na huchelewa kurudi.

Katikati ya kusikiliza huku na kule, aliacha vidole vyake vimetulia juu ya tumbo langu, macho kwenye saa iliyoning'inia kifuani pake, akihesabu mikazo katika kila dakika kumi. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. "Huo unakuja, vuta pumzi," alisema, nami sijasikia kitu. Pumzi chache baadaye ukaja. Kizazi huanza kukaza kabla mama hajasikia maumivu, na vidole vilivyozoea hupata habari kabla ya mwenye tumbo.

Kila alichokisikia alikiandika kwenye patografu, karatasi yenye miraba midogo iliyokuwa juu ya kabati. Karatasi ile ina historia ya huku kwetu Afrika. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakifanya kazi Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, waliichorea mstari wa tahadhari na, saa nne mbele yake, mstari wa kuchukua hatua. Nia yao ilikuwa mkunga wa zahanati ya mbali ajue mapema kwamba uchungu umekwama, ili mama asafirishwe kwenda hospitali kubwa wakati bado kuna wakati. Walioichora walikuwa wakiwatazama wazazi wa kwanza. Mzazi wa pili ana mwendo wake: kwa wa kwanza mlango wa kizazi kwa kawaida hulainika na kuwa mwembamba ndipo ufunguke, kwa wa pili mambo hayo mawili huenda pamoja, kwa hiyo anaweza kukaa muda mrefu kwenye sentimita chache kisha akaruka. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchungu wenye kasi uhesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwamba kanuni ya sentimita moja kila saa isiwe sababu ya kumharakisha mwanamke ambaye yeye na mtoto wako salama. Mkunga wangu alinitoa kitandani nitembee, akanipa chai, akanikumbusha kwenda haja ndogo kwa kuwa kibofu kilichojaa hukizuia kichwa kushuka. Hakunipima njia mara kwa mara. Alisema kila kidole kinachoingia kinaweza kuingiza vijidudu, na hapakuwa na jipya la kutafuta.

Naamini ufundi wa ukunga uko hapo. Kutenda kunafundishika. Kukaa na mtu anayelia, ukijua sindano ya kuongeza uchungu iko kabatini na mkasi uko kwenye sahani, na usiguse kimojawapo kwa kuwa hakuna sababu, kunataka mtu aliyeona mengi na anayeyaamini masikio yake. Na kunataka muda. Mkunga aliyeachiwa wadi nzima peke yake usiku hawezi kungoja namna hii hata awe hodari vipi. Atakimbia tu kutoka kitanda hadi kitanda. Tunapowalaumu wakunga kwa ukali wao, tuhesabu kwanza vitanda.

Kungoja kwake hakukuwa kukaa bure. Nilimwona akichukua mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, akaibana barakoa yake kwenye kiganja, akauminya, akasikilizia upepo. Mtoto hajafika hata mlangoni. Lakini asiyelia anatakiwa awe amesaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza, na dakika hiyo si ya kutafuta kifaa. Tanzania inalijua hili vizuri: wakunga wa hospitali nane walipofundishwa kazi hiyo kwa vitendo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikipungua kwa karibu nusu.

Halafu mambo yakageuka upesi, kama kawaida ya wa pili. Chupa ikapasuka, na hamu ya kusukuma ikaja bila kuomba ruhusa. Nilitaka kumalizana nayo kwa mkupuo mmoja. "Usisukume sasa, hema tu, hema," alisema kwa sauti ya chini, mkono wake mmoja ukiwa umeshika kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kwenye msamba, mwingine umetandazwa juu ya utosi wa mtoto. Mkono ule wa juu haukukirudisha kichwa ndani wala haukukivuta. Ulikipunguzia kasi tu, nyama zipate muda wa kutanuka badala ya kuchanika. Kichwa kikatoka polepole kuliko nilivyodhani inawezekana. Akapitisha kidole shingoni, akakuta kitovu kimezunguka mara moja kwa ulegevu, akakipitisha juu ya kichwa.

Kisha akasimamisha mikono. Kichwa kiko nje, mwili uko ndani, na kila aliyemo chumbani anatamani kuvuta. Hakuvuta. Uso wa mtoto, uliokuwa umeangalia chini, ukageuka wenyewe taratibu kuelekea pajani, kwa sababu mabega huko ndani yalikuwa yakijipanga kupita kwenye nyonga. Ukaja mkazo uliofuata, akakiongoza kichwa chini kidogo bega la mbele likatoka, akakiinua la nyuma likafuata, na mwanangu akawa juu ya kifua changu, anakaushwa kwa khanga, analia.

Ningedhani kazi imeisha. Kwa mkunga saa ya hatari ndiyo inaanza. Alipapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, ndipo akanichoma oksitosini vipimo 10 pajani. Alisubiri kitovu kiache kupiga kabla ya kukifunga, ili damu ya mtoto iliyobaki kwenye kondo imfikie mwenyewe. Kondo la nyuma lilipotoka alilitandaza kwenye sahani, akalikusanya kwa viganja viwili kuona kama vipande vyake vinakutana bila pengo, akazipitisha ngozi za chupa kwenye mwanga, akatazama mishipa mitatu kwenye kitovu kilichokatwa. Kipande kikibaki ndani, kizazi hakikazi, na kisipokaza damu haisimami.

Damu jicho huipima vibaya. Karibu kila mtu huikadiria pungufu. Mkoani Kigoma, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kupima kwa khanga: zikilowa mbili, mama yuko hatarini na apewe dawa. Napenda sana kwamba kipimo kilitafutwa kwenye kitu kilichokuwa tayari mikononi mwao. Mwaka 2023 utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha kwamba kutandika mfuko wenye alama za vipimo chini ya mama, kisha kutoa matibabu yote kwa pamoja mara damu inapozidi, kulipunguza uvujaji mkubwa na madhara yake kwa asilimia 60. Mkunga wangu alifanya yaliyomo ndani ya uwezo wake: kila robo saa, kwa saa mbili, alirudi kuweka mkono chini ya kitovu changu, na kila mara alitaka kukikuta kizazi kigumu kama nazi. Kilipolegea mara moja, alikisugua kwa mviringo mpaka kikakaza.

Kabla ya kwenda kwa mama wa kitanda cha pili, alinishika mkono wangu akaniwekea mahali palepale. "Mama Neema, huyu akinyonya tumbo litakukata kuliko kwa Neema. Kizazi cha wa kwanza hukaza kikabaki hivyo, cha wa pili hukaza kikalegea, kikakaza tena. Ukikisikia laini, kisugue mwenyewe hivi. Damu ikizidi au ukiona kizunguzungu, niite hata kama nina mtu mikononi." Mtoto aliposhika ziwa, maumivu yakaja kwa nguvu aliyoisema. Nilikisugua mara mbili usiku ule, kwa mviringo, nikibonyeza chini ya kitovu kama alivyonionyesha.