Mpiga Dramu Katika Nyumba ya Fidla

Miongoni mwa mafundi wa muziki wanaosifiwa kwa sababu isiyo yao, mpiga dramu wa roki huenda ndiye anayeongoza. Husifiwa kwa nguvu za mikono, kwa kasi, kwa jasho na kwa kishindo, ilhali uwezo wake mkubwa zaidi haujulikani mpaka aondolewe kwenye jukwaa la magitaa ya umeme na kuketishwa nyuma ya wapiga fidla wanaosoma nota. Katika muziki wa okestra wa kisasa, yaani muziki unaotungwa na kuandikwa katika zama hizi kwa ajili ya vyombo vya jadi ya Ulaya kama fidla, zumari na tarumbeta, kishindo hakimfikishi mpigaji popote. Kinachomsaidia huko ni sikio, pamoja na mkono uliofunzwa kujizuia.

Mfano unaofahamika sana ni wa Stewart Copeland, aliyezaliwa Marekani mwaka 1952, akakulia Kairo na Beirut, kisha mwaka 1977 akaanzisha jijini London kundi la The Police, ambalo lilipata umaarufu duniani kote. Mwaka 1985 alitoa filamu na albamu iitwayo The Rhythmatist, iliyotokana na safari zake Afrika Mashariki na Kati, na katika albamu hiyo alishirikiana na mwanamuziki wa Kongo, Ray Lema. Kipande kimoja kinaitwa Serengeti Long Walk na kingine Samburu Sunset. Filamu yenyewe ina mbwembwe nyingi za kitalii, ikiwamo sehemu inayomwonyesha Copeland akipiga dramu ndani ya tundu la chuma huku simba wakimzunguka, na mtazamaji wa mkoani Katavi, Tanzania, ambako simba ni jirani anayekula ng'ombe wa watu, ana kila sababu ya kuitazama kwa kuguna. Hata hivyo mtu huyohuyo, baada ya miaka mingi ya kutunga muziki wa filamu na opera, aliandika tungo la dramu na okestra liitwalo The Tyrant's Crush, ambalo Okestra ya Pittsburgh ililipiga mwaka 2016 yeye mwenyewe akiwa ameshika vijiti. Umbali uliopo kati ya lile tundu la simba na kiti kile cha Pittsburgh ndio unaostahili kuchunguzwa, kwa sababu ufundi unaosifiwa hapa umo humo.

Kwanza chombo chenyewe. Dramu, kama wanamuziki wa Tanzania wanavyoiita, ni mkusanyiko wa ngoma na matasa unaopigwa na mtu mmoja aliyekaa: besi, yaani ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, snea, yaani ngoma fupi iliyotandikwa nyuzi za waya chini ya ngozi yake ili itoe mlio mkavu, ngoma mbili tatu za kati, na hai-hati, yaani matasa mawili yanayofumbuliwa na kufumbwa kwa mguu wa pili. Kazi hiyo zamani ilihitaji watu wawili au watatu, na iliwezekana kukabidhiwa mtu mmoja pale pedeli ya besi ilipoboreshwa na kuanza kuuzwa kwa wingi, hasa baada ya William Ludwig kufungua karakana yake Chicago mwaka 1909. Msikilizaji wa Tanzania hakuhitaji kungoja pedeli ili ajue kwamba mtu mmoja anaweza kuwa kundi zima la ngoma, maana Mzee Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona, alijizungushia ngoma nyingi za ukubwa mbalimbali akazipiga peke yake, na mdundo wake ndio uliotangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam kwa miaka mingi, hata mtu aliyekuwa Mpanda, Katavi, mwisho wa reli, akajua kwamba saa imefika.

Ugumu wa mpiga dramu anapoingia kwenye ukumbi wa okestra huanzia kwenye kuta. Kumbi hizo zilijengwa kwa ajili ya vyombo visivyo na vipaza sauti, kwa hiyo kuta na dari zake huurudisha mlio na kuukawiza hewani kwa takribani sekunde 2 kabla haujafifia, jambo linaloifanya fidla moja isikike kuwa nene na yenye utamu. Kwa dramu, neema hiyo hugeuka balaa. Muziki unaokwenda kwa mapigo 120 kwa dakika una mapigo 4 ndani ya kila sekunde 2, maana yake pigo la kwanza bado linaelea ukumbini wakati la nne linapopigwa, na yote yakichanganyika hubaki mvumo usio na umbo. Juu ya hayo, dramu ikipigwa kwa desturi ya roki hupita desibeli 100, kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho fidla nne zikijitahidi kwa pamoja haziwezi kushindana nacho. Mafundi hutafuta njia: hubandika vitambaa juu ya ngozi, huchukua vijiti vyembamba au burashi za waya, na mara nyingine huwekewa kioo cha plastiki mbele yao. Dawa hizo zote ni ndogo zikilinganishwa na ile ya mkono wenyewe, kwa kuwa pigo dogo lililopigwa kwa uhakika huwa na makali kuliko pigo kubwa, na mpigaji asiyejua kupiga kwa sauti ya chini bila kulegea, akiambiwa apunguze sauti, hupunguza pia mwendo na ari, na muziki mzima hudorora pamoja naye.

Wanakwaya wa Mpanda hawana haja ya kusafiri ili waelewe jambo hili. Kanisa lenye paa la bati na kuta za saruji huirudisha sauti vibaya kuliko ukumbi wowote wa Ulaya, na kila anayeimba sauti ya tatu anamjua yule kijana wa dramu ambaye, mara tu kiitikio kinapofika, hulipua matasa yote mpaka maneno ya wimbo hayasikiki tena. Anamjua pia yule mwingine, ambaye kwa kawaida hasifiwi, anayebaki na hai-hati iliyofumbwa na besi ya chinichini, akiwaacha waimbaji waipande ile kasi bila kuifikiria. Huyu wa pili, apewe nafasi, ndiye angeweza kuketi nyuma ya fidla.

Kuna tatizo jingine lililo gumu kulieleza, nalo linahusu wakati. Katika bendi ya roki mpiga dramu ndiye saa, na wenzake wote hujipima kwake. Katika okestra saa ni fimbo ndogo iliyo mkononi mwa kiongozi anayesimama mbele, na desturi ya okestra nyingi ni kuitoa sauti baada kidogo ya fimbo kushuka, si pale inaposhuka. Mpiga dramu huketi nyuma kabisa, pengine mita 17 kutoka kwa wapiga fidla wa mbele, na kwa kuwa sauti husafiri kwa takribani mita 340 kwa sekunde, mlio wa fidla humfikia ukiwa umechelewa kwa sehemu ya ishirini ya sekunde, na wa kwake huchelewa kiasi hichohicho kuwafikia wao. Kiasi hicho kikielezwa kwa maneno huonekana si kitu, lakini masikioni hutosha kuufanya mdundo uchechemee. Akifuata masikio yake huchelewa, na akifuata mazoea yake ya roki huwatangulia wote, kwa hiyo hulazimika kuyaamini macho kuliko masikio, jambo ambalo mpigaji aliyelelewa na jukwaa huliona kama kunyang'anywa nusu ya kipaji chake. Anayeweza kulitii bila mapigo yake kupoteza uhai ametimiza jambo ambalo hadhira huliona kuwa jepesi, kwa kuwa likifanikiwa halionekani.

Yapo mambo mawili mkoani Katavi yanayoweza kuurekebisha mshangao wa watu wa mbali wanapomwona mpiga dramu akiwatumikia wenzake. La kwanza limeletwa na wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliohamia kwa wingi katika nchi ya Wapimbwe, Wakonongo na Wabende. Bugobogobo, ngoma yao ya majembe, ilizaliwa shambani, ambako ngoma kubwa hupigwa ili majembe yapande na kushuka kwa pamoja. Mpigaji asiyewatazama wakulima huwachosha, na akizidisha kasi ili aonyeshe umahiri, safu hukatika. Huo ndio uhusiano uleule wa mpiga dramu na fidla, ila hapa matokeo yake hupimwa kwa matuta.

La pili lina historia ndefu na yenye uchungu. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwakimbiza watu wengi kuvuka mpaka, na serikali ya Tanzania ikawapa makazi ya kudumu, kwanza Katumba, kisha Mishamo mwaka 1978, yote mawili yakiwa leo ndani ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Watu takribani 162,000 kutoka makazi hayo na ya Ulyankulu wamepewa uraia wa Tanzania. Nchi waliyoiacha ndiyo iliyokuwa na ingoma, ngoma za kifalme zinazochongwa kwa gogo la mti uitwao umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, ambazo mwaka 2014 UNESCO iliziingiza, pamoja na ngonjera na uchezaji wake, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mpangilio wake ni somo tosha la muziki wa kundi: ngoma ya katikati, inkiranya, huongoza, amashakwe hushikilia pigo moja bila kukoma, nazo ibishikizo huifuata inkiranya katika kila mgeuko wake. Hakuna fimbo wala karatasi, na hata hivyo hakuna anayepotea, kwa sababu kila mmoja amepewa sehemu yake na anajua sehemu hiyo inamhitaji nani.

Ngoma hizo ziliifikia roki mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1967 Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walizirekodi kijijini Burundi, rekodi ikatolewa na lebo ya Ocora, na tangu hapo ikaanza kuazimwa bila wenyewe kuulizwa. Ilichanganywa na gitaa na piano katika Burundi Black ya mwaka 1971, ikasikika chini ya sauti ya mwimbaji Joni Mitchell mwaka 1975, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 makundi ya Uingereza kama Adam and the Ants yalijenga mtindo wao juu ya mdundo huo, hata kwa kuweka wapiga dramu wawili badala ya mmoja. Wapigaji wenyewe walipanda jukwaani pamoja na kundi la roki la Echo & the Bunnymen katika tamasha la kwanza la WOMAD, Uingereza, mwaka 1982, na hapo angalau walionekana sura. Kwa hiyo inapodaiwa kwamba mpiga dramu wa roki ameupelekea muziki wa ukumbini nguvu mpya, inafaa kuongeza kwamba sehemu ya mzigo alioubeba ilipakiwa katika nchi jirani ya Burundi, na risiti haikuandikwa.

Watunzi wa ukumbini nao walikuwa njiani. Steve Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma, na mwaka uliofuata akakamilisha tungo lake Drumming. Kundi la Kronos Quartet, yaani wapigaji wanne wa vyombo vya jamii ya fidla wanaoishi kwa kuagiza tungo mpya, lilitoa mwaka 1992 albamu ya watunzi wa Afrika, ambamo Justinian Tamusuza wa Uganda aliingiza fikra ya muziki wa Kiganda ndani ya nyuzi za Ulaya. Kundi hilohilo mwaka 2007 lilipiga Anomaly, tungo la Glenn Kotche, mpiga dramu wa kundi la roki la Wilco. Kotche hakuialika fidla ije kumpamba. Aliwaandikia wale wanne kwa fikra ya dramu, akiwagawia kazi kama viungo vya mpigaji mmoja vinavyogawana kazi, kisha yeye akaketi kando yao. Hilo, kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, ni hatua kubwa kuliko ya Copeland, ingawa haina kishindo cha okestra nzima.

Katika karatasi za nota za muziki wa aina hii, sehemu ya dramu mara nyingi huwa na mistari mitupu yenye vistari vya mshazari, alama inayomwambia mpigaji kwamba pigo liendelee na namna ya kulipiga ameachiwa yeye. Mpiga fidla aliye mbele yake ameandikiwa kila nota, nguvu yake na hata upande ambao upinde utaelekea, ilhali mpiga dramu ameachiwa vipimo 16 vya nafasi pamoja na neno moja la maelekezo. Mtunzi hafanyi hivyo kwa uvivu. Ameshajaribu kuandika kila kitu, akaona kwamba pigo lililoandikwa mpaka mwisho hutoka kavu, na kwamba anachokihitaji ni mtu anayesikiliza fidla zinafanya nini jioni hiyo, katika ukumbi huo, ndipo aamue. Huo ndio uamuzi ambao mpigaji wa inkiranya ameufanya siku zote bila kupewa karatasi yoyote.