Kunyang'anya Karatasi Si Kufundisha Kusoma

Tuanzie sekunde ya 41. Mliokaa chini ya hema siku ya kufunga shule mliona wenyewe, na ambao hamkuwepo bila shaka mmeipata video, maana imezunguka kata yetu ya Wabera, hapa Isiolo, kuliko tangazo la msiba. Msichana wa Gredi ya Tatu amesimama mbele ya wazazi, karatasi mkono wa kushoto, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinatembea chini ya mstari, ukucha wake bado una hina ya harusi ya mtu. Amesoma sentensi tatu bila kukosea. Anafika kwenye neno refu. "Wakan-ga..." Ananyamaza. Kidole kinarudi nyuma mpaka kwenye herufi ya kwanza. Anaanza upya: "Wa-ka..." Sekunde ya 43, mwalimu anaitoa karatasi mkononi mwake na kumkabidhi mvulana aliyesimama kando. Mvulana analimwaga neno pamoja na aya yote iliyobaki kama bomba lililopasuka. Makofi. Mgeni wa heshima anaitikia kwa kichwa.

Mimi sikupiga makofi. Uamuzi ule ulikuwa mbaya, tena mbaya wa wazi, na nausema mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa, tusicheleweshane.

Mengine yalikwenda sawa: Misa ilianza kwa wakati, watoto wa chekechea wa PP2 waliimba bila kupayuka, igizo la Gredi ya Sita lilichekesha palipotakiwa kuchekesha, na mwalimu wa Gredi ya Kwanza alifundisha silabi kwa kadi kwa dakika nane ambazo ningezilipia kiingilio. Basi.

Turudi kwenye kidole. Mtoto anapokwama kwenye neno hufanya moja kati ya mambo matatu, na kila aliyewahi kukaa na watoto wanaosoma anayajua. Wa kwanza huinua macho amtazame mwalimu. Huyo anaomba msaada, mpe. Wa pili huangalia picha, au huangalia dari, kisha anabahatisha: anaona "wa" anasema "watoto". Huyo mrudishe kwenye herufi. Wa tatu hurudi mwenyewe mwanzo wa neno. Huyo wa tatu mwalimu hamfanyii lolote. Anafunga mdomo, anashika mikono nyuma, anangoja, kwa sababu kazi yote ya mwaka mzima inafanyika pale pale mbele yake na haimhitaji. Marie Clay wa Nyuzilandi alijenga sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti juu ya jambo hili moja: mtoto anayejisahihisha ameshaanza kuwa msomaji, kwa kuwa amesikia mwenyewe kwamba alichotamka hakikubaliani na alichotarajia. Itazameni video tena. Msichana hakuinua macho hata mara moja. Alikuwa wa tatu, na alitendewa kama wa kwanza. Hata wa kwanza huambiwa neno, hanyang'anywi karatasi!

Kama mwalimu alishindwa kabisa kunyamaza, njia ya kusaidia ilikuwepo, nayo ni ya bei ya kidole gumba. Ufunike mkia wa neno, ubaki na "waka" ambayo mtoto ameshaisoma. Sogeza gumba silabi moja. Sogeza tena. Neno likishakamilika, mwambie arudi mwanzo wa sentensi aisome yote, ili neno likae mahali pake na maana ishike. Nimejipima kwa saa ya simu nikiwa na mjukuu: sekunde kumi na moja. Hotuba ya mgeni wa heshima ilichukua dakika ishirini na sita, na hakuna aliyemnyang'anya karatasi.

Haraka hii imetoka wapi? Wala si roho mbaya. Mwalimu yule ni hodari, na watoto wake wanampenda, hilo linaonekana. Nadhani imetoka kwenye kipimo. Mradi wa kusoma wa Tusome ulipoenea nchi nzima kuanzia 2015, ulileta mambo mema ambayo sisi wazee wa kulalamika tulichelewa kuyakubali: kitabu kimoja kwa kila mtoto, mwongozo wa mwalimu uliopangwa somo kwa somo, na maafisa wa mitaala waliopita madarasani na tableti. Afisa aliketi na watoto watatu mwishoni mwa somo, akawasikiliza wakisoma, huku saa ikihesabu sekunde 60. Lengo la Kiswahili lilikuwa maneno 45 kwa dakika kwa msomaji mwenye ufasaha. Kwa Kiingereza lilikuwa 65, kwa sababu maneno yetu ni marefu. "Wakang'ang'ana", lile neno refu la msichana, ni neno moja kwa hesabu, lakini ndani yake mna watu, mna wakati na mna kitendo.

Sasa, katika upimaji wa namna hiyo ipo kanuni: mtoto akikwama sekunde tatu, mpimaji humsogeza kwenye neno linalofuata ili saa isiishie kwenye neno moja. Ni kanuni nzuri kwa upimaji. Fundi nguo naye hupima kiuno kwa utepe, lakini hashonei utepe. Walimu wetu wamesikia saa hiyo miaka mingi, na wengi wanafundisha kana kwamba inalia mfukoni. Hata hivyo, kanuni ni sekunde tatu. Msichana wetu alipewa mbili.

Na kungoja kulishapimwa: Mmarekani Mary Budd Rowe alikaa madarasani miaka ya 1970 akipima mwalimu hungoja muda gani baada ya kuuliza swali. Wastani ulikuwa kama sekunde moja. Walimu waliofundishwa kungoja tatu au zaidi walianza kupata majibu marefu, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Mwalimu wangu wa darasa la pili, Mungu amrehemu, hakuwahi kusikia jina la Rowe. Alikuwa na kijiti cha mswaki ambacho asubuhi kilikuwa mdomoni na saa mbili kilikuwa ubaoni. Ukikwama, alikiweka chini ya silabi na kugeuza uso wake kutazama dirishani, kana kwamba mbuzi wa jirani wamemvutia ghafla. Hakugeuka mpaka umesema kitu. Ukikosea hakusema "hapana". Alisema, "Umeona nini hapo?" Tulikuwa wengi, madawati hayatoshi, kitabu kimoja watoto watano, na tulisoma.

Najua nitaambiwa mzee amerudia zamani zake. Zamani hiyo hiyo ilikuwa na kidubwasha cha kuvalishwa shingoni ukiongea lugha ya mama, na hicho siwezi kukitetea hata kwa kiboko. Lakini leo tumekitupa kidubwasha tukakodi makanzu. Watoto wa miaka mitano wanavishwa joho na kofia ya mahafali katika jua la Isiolo, mzazi analipa, picha inapigwa, na mtoto hajui bado tofauti ya b na d. Nimeliandika hili kila Oktoba na nitaliandika Oktoba ijayo.

Tufike kwenye neno lenyewe, kwa sababu hapa ndipo nilipokasirika mara ya pili. Hadithi ilihusu wavulana waliomvuta ng'ombe aliyezama matopeni. Sauti ya ng' si jambo dogo katika mji wetu. Mtoto wa Kiturkana anaijua tangu alipoomba maji kwa mara ya kwanza, maana maji kwao ni ng'akipi. Mtoto wa Kiborana hana neno la nyumbani linaloanza na sauti hiyo. Anakutana nayo kwenye Kiswahili, na anakutana nayo imeandikwa kwa herufi mbili na kialama kidogo kama mguu wa sisimizi. Ukiondoa kialama hicho sauti inageuka: ng ya ngoma si ng' ya ng'ombe. Kwa hiyo nilidhani, kama ninyi, kwamba msichana aliteleza kwenye kialama.

Watu walipotawanyika nilimwomba mwalimu ile karatasi. "Chukua tu, mzee, tumeshamaliza," akasema, na kwa kweli hakuwa na kinyongo. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Niliisogeza juani. Wino ulikuwa umefifia upande wa kulia, na katika mstari wa nne palikuwa pameandikwa, wazi kabisa, *wakangangana*. Alama zote mbili zilikuwa zimepotelea kwenye mashine.

Yaani msichana alisoma sawasawa kile kilichoandikwa. "Wakan-ga" ndiyo ilikuwa pale. Akasikia kwamba neno hilo halipo duniani, akasimama, akarudi kulikagua. Katika hema lote yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasoma karatasi. Mvulana aliyepigiwa makofi alitamka ng' ambayo haikuwepo, mara mbili, bila kusita. Hakuiona, aliikumbuka, kwa kuwa walikuwa wamezoezwa aya ile wiki nzima. Simlaumu, alifanya alichoambiwa, na alikifanya vizuri. Lakini tulimpigia makofi kwa kukariri na kumwondoa aliyesoma.

Nilitoa kalamu, nikaweka alama mbili, nikamtafuta msichana. Alikuwa anasaidia kubeba viti. Aliliangalia neno, midomo ikacheza kidogo, akasema "wakang'ang'ana" kwa sauti ya kawaida kama anayetaja bei ya sukari, kisha akaendelea na sentensi iliyofuata na iliyofuata mpaka mwisho wa ukurasa, kiti kikiwa bado kimening'inia begani. Sikumwomba aendelee.

Linganisheni na Misa ya asubuhi ile ile. Msomaji wa somo la kwanza, mtu mzima mwenye tai, alifika kwenye "Wathesalonike" akajikwaa. Akasema "Watheso", akakohoa, akarudi, akasema "Wathelasoni", akarudi tena. Kanisa zima lilingoja. Padre alitazama sakafu kwa adabu. Watoto hawakucheka, au walicheka ndani kwa ndani. Hakuna katekista aliyenyanyuka kumnyang'anya kitabu ampe kijana mwenye ulimi mwepesi. Jaribio la nne likapita, tukajibu sote. Na jioni, wengi wa watoto wa shule hiyo hiyo ambao ni Waislamu huenda madrasa, na huko ustadhi humsikiliza mmoja mmoja na ubao wake. Mtoto haondoki kwenye mstari mpaka mstari umetoka. Ustadhi anaweza kuwa mkali, sikatai, lakini ubao haumhami mtoto kwenda kwa mwenzake.

Turudi hemani: mvulana alipomaliza, likaja somo la maisha. "Hadithi hii inatufunza nini?" mwalimu akauliza, na darasa likapaaza kwa pamoja, "Umoja ni nguvu!" Jibu hilo linafaa kila hadithi iliyowahi kuchapishwa Kenya. Wavulana wale hawakuwa na umoja zaidi ya wengine. Waling'ang'ana, na ndiyo maana mwandishi aliliweka neno lile pale. Ndilo neno tuliloliruka ili tuwahi kulifikia funzo.

Na kwa kuwa nimeshaanza: nani huchagua hadithi hizi? Tuko katika kata yenye jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya hapa Isiolo, aliyepigwa risasi Juni 28, 1963, miezi sita haijatimia kabla ya Uhuru. Watoto wanaliandika jina lake juu ya daftari kila wiki. Sijawahi kuona aya moja ya Gredi ya Tatu inayowaambia alikuwa nani. Ng'ombe wa matopeni nimemwona mara nyingi.

Nilibaki mpaka mwisho kwa sababu nilitaka kuona vitabu. Fotokopi ilitumika kwa nini, wakati vitabu vipo? Jibu lilikuwa kwenye kona ya darasa: vilikuwa vimeshakusanywa tangu Jumanne, visipotee likizo. Ngamia wa Maktaba ya Taifa walianza kubeba vitabu kwenda kwa watoto wa Garissa tangu 1996, mchangani, kwenye jua, na vitabu vikarudi. Hapa mtoto anakaa mita mia tatu kutoka darasani, na kuanzia sasa mpaka Januari hatakuwa na ukurasa wa kusoma ila karatasi za kufungia mandazi. Mwalimu alivihesabu tena mbele yangu, hamsini na mbili, vyote vipo, vingine havijakunjwa hata pembe. Akafunga kabati, akavuta kitasa kuhakikisha, akatia ufunguo kwenye mkoba.

Msichana alikuwa ameshaondoka na ile fotokopi.