Mikro ya Shevale: Nguvu Haiko Utamu

Ndugu na dada wa chama, leo siandiki juu ya mahindi, hata kama mbolea itapita kidogo mu maneno yangu. Nataka tusemezane juu ya kitu kidogo chenye kinagombanisha wapiga gitare wa hapa Luano na mu Lubumbashi mzima: ile mikro ya shevale, yenye iko karibu na pale kamba zinaishia. Kijana akinunua gitare ya bei ya chini, kisha miezi kidogo anaanza kusema mikro yake haifai. Anakusanya franga, anaomba ndugu mwenye kusafiri amuletee ingine. Na karibu kila mara anaomba kitu kimoja: mikro yenye nguvu kuliko zote. Mimi napigaka mi-solo, na njo maana chaguo hilo linanihusu: gitare ya solo ikijaa sauti nzito, mi-solo haisikike tena, na sebene inakufa.

Tuanze na kazi ya mikro yenyewe, juu bila hiyo tutabishana tu na majina ya fabriki. Mikro ni sumaku na waya nyembamba ya shaba yenye kuzungushwa maelfu ya mara. Kamba ya chuma ikitikisika juu ya sumaku, inatikisa nguvu ya ile sumaku, na umeme kidogo sana unazaliwa mu waya. Ampli inakuza ule umeme. Basi.

Sasa, kamba haitikisike sawasawa pote. Katikati inacheza sana. Karibu na shevale inacheza kidogo sana, juu pale imefungwa. Kwa hiyo mikro ya shevale inapata sauti ndogo, lakini yenye ukali, yenye ncha. Mikro ya upande wa shingo inapata sauti kubwa na laini. Tofauti hii inatoka mu kamba yenyewe, hakuna fabriki inaweza kuifuta. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanaongeza mizunguko ya waya ku mikro ya shevale, ili isizidiwe sana na mwenzake wa shingo.

Hapo njo shida inaanza. Mizunguko ikizidi, sauti inakuwa kubwa, kweli. Lakini waya mingi inazuia zile sauti za juu, zile zenye kufanya kamba isikike kama kamba. Ukali unapungua, katikati inavimba. Mwenye alisomaka agronomia anajua hii hadithi: ukimwaga azote mingi ku mahindi, majani yanakuwa kijani na marefu, jirani anasifu, kisha upepo mudogo tu unalaza shamba chini. Urefu wa shina hauko mavuno. Na ukubwa wa sauti hauko utamu.

Muone bei na namba. Wauzaji wanaandika upinzani wa waya kwa kilo-omu, na vijana wanasoma ile namba kama vile alama za mtihani: mwenye 16 ameshinda mwenye 8. Haiko vile. Waya nyembamba zaidi inaongeza kilo-omu hata kama mizunguko haikuongezeka sana. Na sumaku haionekane kabisa mu ile namba. Kilo-omu zinaweza kulinganisha mikro mbili za aina moja, waya moja, sumaku moja. Nje ya pale ni sawa na kulinganisha mashamba mawili kwa kupima urefu wa uzio.

Tuchukue mifano yenye watu wanataja. Mu 1955 Seth Lover, fundi wa Gibson, aliomba hati ya mikro yenye bobini mbili, na kuanzia 1957 Gibson ikaiweka ku gitare zake. Zile za zamani zinapimaka karibu 7 mpaka 9 kilo-omu. Mu 1972 DiMarzio akatoa Super Distortion, yenye sumaku ya seramiki na kilo-omu kupita 13. Ilifanywa kusudi isukume ampli ya lampe mpaka ipasuke sauti, juu muziki wa roki ya Marekani ulitaka ule mpasuko. JB ya Seymour Duncan inapima karibu 16, nayo iko na sumaku ya alniko, si seramiki. Hizi ni mikro nzuri, sizitukane. Zinafanya kazi yenye zilizaliwa nayo. Swali langu ni hili: kazi hiyo njo kazi yetu?

Tusikilize muziki wetu. Jean-Bosco Mwenda, mwenye Hugh Tracey alirekodi mu 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alipiga gitare ya mbao bila umeme, kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea chini, shahada inajibu juu, na unasikia watu wawili mu gitare moja. Utamu wa ile mupigo uko mu utengano: kila kamba inakuwa na mlango wake. Kisha umeme ukaingia, bendi zikakua, na ile kazi ya vidole viwili ikagawanywa kati ya watu: akompanyeman, mi-solo, solo. Lakini sheria ilibaki ileile. Ku sebene, solo anazungusha kipande kifupi, mi-solo anakijibu mu nafasi zenye solo ameacha, na mutu wa kucheza anasimama mu ule msuko. Nafasi zikifungwa, hakuna msuko, kuna kelele ya watu watatu.

Mikro yenye nguvu sana inafunga nafasi. Inasukuma mlango wa ampli mpaka kila noti inabanwa: mwanzo wa noti unapoteza ncha, mwisho wake unakokota. Kwa mutu wa roki, mukokoto ule ni baraka. Anataka noti moja ilie mpaka kesho. Kwa mupiga sebene, noti inapaswa kufika, kusema neno yake, na kuondoka. Kwetu watu husema gitare ya fulani «inaongea». Mutu mwenye kuongea anafungua na kufunga mdomo. Mwenye kupiga kelele tu haongee.

Najua jibu la wenzangu wa korali, na ni jibu la maana. Wanasema: «Yaya, weye unaongea sebene, lakini sisi tunapigaka adorasio. Pale tunataka noti ndefu, tunataka gitare ilie.» Ni kweli. Mu ibada moja gitare moja inapiga wimbo wa polepole wa kulia, na nusu saa kisha inaingia mu sebene ya kuchezesha mama wote wa kanisa. Lakini ndiyo sababu ya kutochagua mikro ya kazi moja. Urefu wa noti unaweza kuuongeza kwa pedali, kwa ampli, kwa mkono. Ncha yenye mikro imekwisha kula, hakuna pedali itairudisha vizuri. Ukipandisha kitufe cha sauti za juu ku ampli, unapandisha vumbi tu pamoja na kelele.

Jibu la pili linatoka kwa wale wanaopenda bobini moja, kama ile ya Telecaster na Stratocaster za Fender, za miaka ya 1950. Kwa sikio tu, wana haki: hakuna kitu chenye kukata safi kama bobini moja karibu na shevale. Tatizo ni umeme wetu. Bobini moja ni sawa na antena. Inakusanya mngurumo wa hezi 50 kutoka kila waya, kila taa, kila jenereta yenye iko nyuma ya ukuta. Mu studio nzuri unageuka kidogo, mngurumo unapungua. Mu sali yenye waya za kuungaunga, bila waya ya ardhi, na jenereta yenye kukohoa pale inje, mngurumo unakuwa mwanamuziki wa sita. Akili ya Seth Lover ilikuwa hapo: bobini mbili zenye kuzungushwa kinyume, na sumaku zenye kukaa kinyume, sauti ya kamba inajumlishwa na mngurumo unafutana. Alitafuta kwanza ukimya. Nguvu ilikuja kama zawadi ya juu.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa mutu wa hapa mwenye kupiga sebene na adorasio mu sali moja: bobini mbili, sumaku ya alniko, nguvu ya katikati, pale karibu na 8 kilo-omu kwa waya ya kawaida. Mikro kama ile '59 ya Seymour Duncan iko mu kundi hilo. Itoke na waya ine, ili fundi akuwekee kitufe cha kuzima bobini moja. Pale umeme uko safi, unazima moja na kupata ncha zaidi. Pale jenereta inakohoa, unawasha zote mbili.

Lakini mbele ya kutoa franga, tufanye kazi yenye mutu wa shamba anafanyaka: kupima udongo. Udongo wetu wa huku una asidi. Ukitia mbolea ya bei kali bila kutazama ile asidi, sehemu kubwa ya franga inalala chini na mmea hauioni. Gitare nayo iko vile. Kwanza kamba: kamba za mwaka mzima, zenye kutu, hazina tena sauti za juu, na hakuna mikro itazizaa. Pili urefu wa mikro: tumia tournevis, ishushe. Bonyeza kamba ku freti ya mwisho na uache milimita 2 au 3 kati ya kamba na mikro. Mikro nyingi za fabriki ziko juu sana, zinagusa karibu kamba, na mutu anafikiri mikro ni mbaya. Tatu potansiometri: bobini mbili zinataka kwa kawaida 500 kilo-omu, ukikuta 250, ukali unapotelea pale. Kuibadilisha ni kazi ya potansiometri moja na etain kidogo, bei haifikie hata kidogo ile ya mikro. Ukimaliza hayo yote na sauti bado ni ya debe, sasa nunua.

Na ukinunua, pima. Umbali kutoka kamba ya kwanza mpaka ya sita pale ku shevale haufanane: ku gitare za namna ya Gibson ni karibu milimita 50, ku zile za namna ya Fender ni karibu 52. Fabriki zinauza vipimo viwili. Ukikosea, kamba za pembeni zinapita inje ya vichwa vya sumaku na hupendi namna inakaa. Rangi za waya nazo zinabadilika kutoka fabriki moja kwenda ingine. Usiamini karatasi ya rafiki mwenye mikro ya jina ingine. Na ikiwa ukichanganya na mikro ya katikati sauti inakuwa nyembamba kama redio ndogo ya soko, usiseme umeibiwa: mikro mbili zinavutana kinyume. Fundi ageuze waya mbili, na itapona.

Kuna neno moja la mwisho, na kwa mutu wa Katanga linauma. Alniko ni alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Ile waya ni shaba. Jimbo letu liliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa mu Kongo. Siwezi kusema kwamba mikro fulani imetoka mu shimo fulani. Madini yanachanganyika mbali na huku. Lakini vitu vyenye kutoka mu ardhi kama yetu vinarudi mu kasha ndogo, na karatasi ya kutufundisha sauti nzuri ni ipi. Shaba tumekwisha kuiuza. Sikio, tusiliuze. Mu lile kasha maneno yote yanasifu moto, uzito, nguvu. Hakuna hata moja lenye kusema kama gitare itaongea, itajibu, itaacha nafasi. Hayo ni maneno yetu, na ni sisi tunapaswa kuyatumia pale tunachagua.

Basi, wapiga gitare wa chama, na weye pia mwenye kukaa nyuma ya mezani ya sauti: njooni na maneno yenu. Mwenye anatetea mikro ya 16 kilo-omu ku sebene, atuelezee namna mi-solo anasikika. Na mwenye ameshusha mikro yake milimita moja wiki hii, atuambie alisikia nini.