Pini Mbili na Saa ya Kupimia

Kabla ya kugusa flaiwili, Mjomba huosha mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kama anayetawadha. Kisha huufuta uso wa chuma kwa kitambaa kipya kilicholowa dawa ya kusafishia breki, akakitupa, akachukua kingine, akafuta tena. Flaiwili mpya hupakwa mafuta ili isishike kutu. Mafuta hayo yakibaki, hata yakiwa ya alama ya kidole gumba tu, huungua klachi inaposhika, na gari huondoka likitetemeka. Nimewahi kumwona akirudia kazi yote kwa sababu mtoto wa jirani alipita akabandika kiganja pale. Hakumgombeza. Alichukua kitambaa kingine tu.

Si mjomba wangu wa damu. Ni mzee wa Mombasa aliyejifunzia ufundi kwenye malori ya Leyland na Bedford, na sasa ana karakana ndogo nyuma ya nyumba yake huku Indiana, Marekani. Sisi tunaozungumza Kiswahili mtaani hapa tumezoea kumwita Mjomba. Jumamosi mimi huenda kumshikia taa. Naandika haya kwa sababu kazi yake bora ni ile ambayo, akishaikamilisha, hakuna atakayeiona tena.

Msimu huu aliletewa Chevrolet Chevelle SS ya mwaka 1970. Injini yake ina ukubwa wa inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4. Kiwanda kiliihesabia nguvu farasi 360, na nguvu yake ya kuzungusha ni kama Newton-mita 678. Gari lilizaliwa na giaboksi ya otomatiki ya gia tatu. Mwenyewe alitaka klachi na gia nne za mkono, na kwa bahati alikuwa amepata giaboksi ya M22, moja ya zile zilizoundwa katika mji wa Muncie, humu humu Indiana, kati ya 1963 na 1974.

Wamarekani wameipa M22 jina la msaga mawe, na ukisikia sauti yake huwezi kuwalaumu. Katika giaboksi ya kawaida meno ya gia hukatwa yakiwa yamelala upande, ili jino moja likabidhi mzigo kwa jingine polepole na kimya kimya. Lakini meno yaliyolala, yakibanwa na injini kubwa, husukumana pia kwa mbele na nyuma, na msukumo huo huishia kwenye beringi na ganda. Waliotengeneza M22 waliyasimamisha meno kidogo. Msukumo ukapungua, kelele ikaongezeka. Walichagua uimara, na kelele wakaivumilia. Napenda sana uamuzi wa namna hiyo.

Watu hudhani kutoa otomatiki na kuweka gia za mkono ni suala la kufungua bolti hizi na kufunga zile. Mjomba husema otomatiki husamehe. Kwenye otomatiki, injini hushikana na giaboksi kwa bamba jembamba la chuma linaloweza kujikunja kidogo, na nguvu yenyewe hupitia ndani ya mafuta. Injini na giaboksi zikiwa hazikukaa sawa sawa, bamba hulibeba kosa. Klachi haina huruma hiyo. Shafti ya mbele ya giaboksi hupita katikati ya klachi pleti, na ncha yake huingia kwenye kibushi cha shaba kilichopigiliwa mwishoni mwa kranki. Hivi ni vyuma viwili vilivyoundwa mbalimbali, na vinatakiwa kuzunguka kama chuma kimoja. Mstari wa kati wa kranki na mstari wa kati wa shafti ukipishana, kibushi kitalika, beringi itapiga kelele, gia zitakuwa ngumu kuingia au zitachomoka zenyewe njiani. Na injini ikiwa na nguvu kiasi hiki, haichukui muda.

Kibushi chenyewe alikilaza kwenye friji ya barafu usiku kucha, asubuhi kikaingia kwa nyundo laini, mapigo matatu. Gari hili halikuwahi kuwa na klachi, kwa hiyo hapakuwa na cha zamani cha kutoa. Kinapokuwepo, Mjomba hujaza tundu kwa grisi, akachomeka chuma kinachobana na kukipiga, na grisi isiyo na pa kwenda hukisukuma kibushi nje kutokea nyuma. Enzi zake Mombasa grisi ilikuwa ghali. Walitumia sima ya jana, iliyopoa, na ilifanya kazi vilevile.

Kati ya injini na giaboksi hukaa belhauzi, lile ganda lenye umbo la kengele linaloifunika klachi. Hushikwa mahali pake na pini mbili fupi zilizopigiliwa kwenye bloku ya injini. Katikati yake kuna tundu la kama sentimita 12, na ndimo pua ya giaboksi hukaa. Tundu hilo likiwa kati kamili na kranki, mengine yote yatafuata. Mafundi wengi hufunga bolti na kuendelea wakiamini kiwanda kilipima. Mjomba hapimi kwa imani.

Ana saa ya kupimia, ya mshale, anayoihifadhi kwenye kisanduku cha mbao chenye kitambaa ndani. Mguu wake wa sumaku aliutega juu ya flaiwili, ncha yake akaigusisha ukuta wa ndani wa lile tundu. Tukachomoa plagi zote nane ili injini izunguke bila kubishana. Mimi nikashika chuma kirefu cha kuzungushia. Kranki ilipozunguka, saa nayo ilizunguka ikilipapasa tundu pande zote, na mshale ukapanda na kushuka.

"Kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa, wasoma ngapi?"

"Ishirini, Mjomba."

"Gawa mbili, mwanangu. Saa yahesabu kosa mara mbili, likija na likienda."

Kumi, basi. Kumi katika sehemu elfu moja za inchi, robo milimita hivi. Kiasi kinachoruhusiwa ni tano, ambacho hakifiki hata unene wa karatasi mbili za daftari. Kwa macho tundu lilikuwa katikati kabisa. Ningeapa.

Hapo ndipo alipozing'oa zile pini mbili na kuweka nyingine, ambazo nusu yake ya mbele haikukaa katikati ya nusu ya nyuma. Huuzwa kwa vipimo: sehemu 7, 14 na 21 katika elfu moja ya inchi. Alichagua za 7. Kila pini ina mkato wa bisibisi kichwani, na ukiizungusha, belhauzi nzima husogea upande unaotaka. Lakini zote mbili lazima zielekee upande mmoja, la sivyo ganda halitaingia. Tulifunga, tukapima, tukapata kumi na mbili, yaani sita. Tukafungua. Akalala chali akizitazama pini zile, kimya kirefu, kisha akazigeuza kwa upana wa ukucha. Tukafunga, tukapima. Mshale ulitembea sita tu mzunguko mzima. Kosa tatu. Kazi hiyo ilikula saa nne, na mwenye gari akitazama kesho hataona kilichobadilika.

Yaliyobaki yalikwenda kwa wepesi wa mtu anayejua. Flaiwili alikuwa ameagiza ya 454 hasa, kwa sababu injini hii hupata sehemu ya mizani yake kutoka uzito uliowekwa kwenye flaiwili yenyewe. Ukiifungia ile ya 427, ingawa ni ndugu yake wa karibu, itatikisika mpaka ijiue. Bolti zake alizikaza kwa kupishanisha, kidogo kidogo, hadi Newton-mita 88. Sakafu ikakatwa tundu la mkono wa gia, pedali ya breki pana ya otomatiki ikatoka, zikaingia mbili nyembamba. Propela haikuhitaji hata kubadilishwa kichwa chake cha kuteleza, maana mifereji 32 ya otomatiki ile ndiyo hiyo hiyo ya M22 hii.

Giaboksi ina uzito wa zaidi ya kilo 30, na hairuhusiwi kuning'inia juu ya klachi pleti hata sekunde moja, maana itaipinda. Mjomba ana bolti mbili ndefu alizozikata vichwa. Huzichomeka kwenye matundu ya belhauzi kama reli, giaboksi ikapanda juu yake na kuteleza mbele. Nilikuwa chini na taa. Ilikuja, ikagusa, ikasimama. Akaizungusha shafti ya nyuma kwa vidole, polepole, mpaka mifereji 26 ya mbele ikaoana na ya pleti. Halafu akaisukuma kwa kiganja kimoja. Sentimita ya mwisho iliingia bila bolti kuivuta na bila nyundo, ikatoa sauti ndogo kama kifuniko cha sufuria kinapokaa.

Jioni mwenye gari alilizungusha mtaa mara mbili. Gia ya kwanza ya M22 ililia ule mlio wake mwembamba wa juu, ikapokewa na ya pili bila kukwaruza. Alirudi akicheka, akausifu mkono wa gia, rangi ya kitufe chake, pedali mpya. Mjomba alimpa asante na kikombe cha chai.

Pini za zamani, zile zilizonyooka, zilikuwa bado mezani. Alizifuta grisi, akazitia kwenye kopo la Blue Band lililo juu ya kabati, pamoja na wenzao. Kopo linakaribia kujaa.