Marimba Chini ya Simulizi

Muziki wa kusindikiza simulizi hukaa chini ya sauti ya msimulizi, na ustadi wake wote umo katika kujua ukae chini kiasi gani. Michezo ya mezani ya safari za anga za juu, kama Traveller iliyotolewa Marekani mwaka 1977, huweza kuutegemea sana. Watu wachache huizunguka meza, mmoja akisimulia, wengine wakiamua wahusika wao wafanye nini, kete zikirushwa. Picha hakuna. Giza na umbali wa kutisha huletwa na maneno na sauti tu.

Sauti hizo mara nyingi huazimwa kutoka kwenye filamu. Louis na Bebe Barron waliutengeneza muziki wote wa Forbidden Planet (1956) kwa saketi za umeme. Vangelis akaja na muziki wa Blade Runner mwaka 1982. Ni kazi za mikono, zilizosikilizwa na kurekebishwa usiku na mchana.

Lakini ukanda wa Ihumwa na Chamwino, mkoani Dodoma, Tanzania, una chombo cha kazi hiyohiyo, kikongwe kuliko saketi yoyote: marimba ya Wagogo, sanduku lenye vyuma vya kupigwa. Marimba kubwa huwa na vyuma vingi, na si vyote vinavyoguswa na vidole gumba. Vingine vimewekwa viitikie tu. Jirani yao akipigwa, navyo hutetemeka vyenyewe, na sauti moja huacha nyuma yake wingu la sauti. Juu ya kitundu cha sanduku hubandikwa utando wa buibui, laini kiasi cha kupasuka kwa pumzi, nao huipa kila noti mvumo mkavu, kana kwamba kitu kinaunguruma mbali gizani. Ngazi ya sauti hufuata mitetemo ya asili, ambamo sauti ya saba iko chini kidogo ya ile ya kinanda. Sikio lililozoea kinanda husikia ugeni usio na jina, ugeni uleule ambao simulizi za sayari nyingine huutafuta.

Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyezaliwa mkoani Dodoma mwaka 1938 na kufundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliuthibitisha ukaribu wa marimba na muziki wa mitambo. Katika albamu ya Assembly (2002), marimba, zeze na koo lake vilikutana na gitaa na mitambo ya Michael Brook, na havikuonekana wageni hata kidogo. Alifariki mwaka uliofuata.

Kinachosikitisha ni uzembe wa sasa. Faili la ngurumo la saa nzima hufunguliwa mwanzo wa mchezo wa mezani na kuachwa lijizungushe. Msimulizi akinong'ona, lenyewe linaunguruma vilevile. Mpiga marimba, kinyume chake, humtazama mwimbaji mdomoni na kupunguza mkono kabla neno halijatoka. Studio za kurekodi nazo huuchukulia mvumo wa utando kama takataka na kuusafisha, zikabakiza milio mitupu ya chuma.

Ihumwa yenyewe imepakana na Mji wa Serikali wa Mtumba, na usiku wake una malori, jenereta na spika za baa. Kupanga marimba kwa sikio kunataka utulivu: chuma husogezwa unywele mmoja, kikasikilizwa, kikarudishwa. Chamwino bado kuna tamasha la muziki wa Kigogo na wazee wanaoijua kazi hiyo. Vijana wanaokaa nao mpaka chuma cha mwisho kiitikie sawasawa ni wachache, na utando wa buibui ukipasuka siku hizi kitundu huzibwa na kipande cha nailoni.