Dakika Kumi Bila Kutyuni

Mara ya kwanza nicheze *A Taste of DNA* kwa nyumba, dadangu aliuliza kama spika imeharibika. Sikumjibu. Hata mimi sikuwa na uhakika.

Rekodi yenyewe ni ya 1981: nyimbo sita, jumla kama dakika kumi. Ukipanda matatu kwenda tao inaisha kabla hujalipa nauli. DNA walikuwa bendi ya New York, watatu tu, kutoka kundi la wasanii walioitwa no wave, watu waliochoshwa na roki na hata panki. Walikuwa wametoa singo 1978, na wakawa na nyimbo nne kwenye *No New York*, mkusanyiko uliosimamiwa na Brian Eno. Hii ndiyo rekodi yao ya kwanza iliyozidi singo.

Arto Lindsay, Mmarekani aliyekulia Brazili, anapiga gita la nyuzi 12 bila kulityuni. Ikue Mori alitoka Japani akafika New York akiwa hajawahi kupiga dramu. Wengi huishia hapo: si unaona, mtu yeyote anaweza! Mimi hapo nakataa.

Sikiliza "Blonde Redhead". Besi ya Tim Wright inarudia njia yake bila haraka, dramu za Mori zinaizunguka, halafu gita linaingia kama mabati yanayoburutwa. Wakinyamaza, wananyamaza pamoja. Wakirudi, wanarudi pamoja. Kubahatisha hakukufikishi hapo. Watu hawa walirudia mazoezi mpaka fujo ikawa na mpangilio.

Lawama ninayo. Mayowe ya Lindsay hummeza maneno yake mwenyewe, na kufikia wimbo wa nne huwa nishachoka nayo.

Lakini nina deni na rekodi hii. Nikiwa sekondari niliambiwa sina sikio la muziki, nikaweka gita chini miaka tisa. Niliposoma habari za Mori nilifurahi sana, nikidhani nimepata ruhusa ya kutojua. Kusikiliza kukaninyang'anya hicho kisingizio.

Juzi nililitoa gita chini ya kitanda. Sikulityuni. Nikajaribu kupiga kitu kifupi, nisimame, nikirudie vilevile. Nimeshindwa mara ishirini hivi. Dadangu amefunga mlango wake. Kesho najaribu tena.