Pikapu Kuukuu, Boti Nyuma: Namna ya Kuitambua Kazi Safi ya Breki

Njia ya kutoka Garissa hadi Dadaab, kilomita 100 hivi, haina mlima wa kuitwa mlima. Dereva anaweza kwenda mwendo mrefu bila kukanyaga breki kwa nguvu hata mara moja, na ndiyo sababu gari lenye breki mbovu huweza kuzunguka miaka na mikaka likisifiwa kuwa zima. Ubovu hujitokeza siku ngamia anapokatiza barabara ghafla ndani ya vumbi, au siku gari hilo hilo linapofungwa trela yenye boti na kuambiwa lirudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa mto Tana.

Anayeuliza boti inatafuta nini katika nchi ya ngamia hajawahi kuiona mvua ya huko. Novemba 2006 mafuriko yaliingia kambi ya wakimbizi ya Ifo na kukata barabara ya Dadaab. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilirudia kazi hiyo. Aprili 2024 maji ya Tana yakafunika barabara kuu upande wa Madogo, watu wakawa wanavushwa kwa boti. Moja ilipinduka eneo la Kona Punda, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya likawaokoa watu 23. Boti ya uokoaji haiji yenyewe. Huletwa kwa barabara, mara nyingi nyuma ya Land Cruiser au Hilux ambayo miezi mingine ya mwaka inavuta tangi la maji au jenereta. Pikapu hiyo ikishindwa kusimama, boti haifiki.

Hesabu yake si ngumu. Pikapu ya tani mbili ikifungwa trela ya tani moja, kazi ya breki inaongezeka kwa nusu. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, inaongezeka tena kwa zaidi ya nusu, kwa sababu nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Kazi yote hiyo inageuka joto ndani ya diski nne za chuma, au diski mbili na dramu mbili.

Madereva wengi hupima breki kwa ukali: kanyagio likiguswa na gari likasimama ghafla kama limegonga ukuta, fundi anasifiwa. Kipimo hicho kinapotosha. Kipimo cha kweli ni usawa: kushoto na kulia zishike pamoja, mbele na nyuma zigawane kazi inavyopasa, na trela isiliachie gari mzigo wote. Gari linalovuta boti likishika upande mmoja kabla ya mwingine, trela hulisukuma ubavu, na kwenye mchanga wa Dadaab hakuna kinachozuia mkia usije mbele.

Kwa hiyo anayetaka kumjua fundi aanze kumtazama kabla hajafungua pakiti ya lainingi mpya. Hufanya nini akishavua dramu ya nyuma? Fundi wa kweli hutazama kwanza kilichomo ndani. Vumbi kavu ni dalili njema, naye hulilowesha na kulisuuza kwa maji wala halipulizi kwa kompresa, maana lainingi za zamani huweza kuwa na asbesto. Akikuta tope jeusi linalonata, hulisugua kati ya vidole. Mafuta ya difu ni mazito na yananuka kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, na vidole vikisuuzwa kwa maji matupu yanaondoka. Ya kwanza yanamwelekeza kwenye sili ya eksili, ya pili kwenye wili silinda. Anayepangusa tope hilo, akafunga lainingi mpya juu yake na kupokea pesa, ameuza kazi ya wiki mbili.

Aliye bora zaidi haishii hata kwenye sili. Ataingia chini ya gari atafute kipumulio cha difu, kifuniko kidogo juu ya eksili ambacho wengi hawajui kama kipo. Difu ikivuta mzigo hupata moto, hewa iliyomo hutanuka, na kipumulio kikiwa kimezibwa na vumbi jekundu la kambi za Ifo au Hagadera, hewa hiyo hutafuta njia kwingine. Inayasukuma mafuta kupitia sili, iwe mpya au kuukuu. Kwa hiyo mwenye gari anayebadilisha sili za nyuma mara kwa mara aulize habari ya kipumulio kabla ya kulaumu duka la vipuri.

Dramu yenyewe ina kikomo, na kikomo kimeandikwa juu yake kwa kusubiwa kwenye chuma. Kwa pikapu nyingi ni milimita mbili tu zaidi ya kipenyo cha awali. Fundi asiyepima huipeleka kwenye mashine ya lathi kila mara mpaka inakuwa nyembamba, na dramu nyembamba hupata moto upesi, hutanuka, na lainingi inaifuata bila kuifikia. Kanyagio linashuka katikati ya safari. Dramu zichongwe zote mbili kwa kipimo kimoja. Baada ya mwendo mfupi zivuliwe tena: alama ya mguso ienee upana mzima wa lainingi, isiwe ukanda mwembamba pembeni.

Mbele, pikapu nyingi kuukuu zina kalipa yenye pistoni nne, mbili kila upande wa diski. Hapo jicho lizisome pedi zilizotolewa. Pedi ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, pistoni imekwama, na pedi mpya haitaiamsha. Chanzo chake mara nyingi ni maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, unyevu unaleta kutu kwenye pistoni na kushusha kiwango cha kuchemka: DOT 3 isiyopungua nyuzi 205 ikiwa mpya huruhusiwa kushuka hadi 140 ikishanyonya maji, na DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Mafuta yakichemka ndani ya bomba hugeuka mvuke, mvuke unabanika, na mguu unakwenda hadi sakafuni. Fundi msafi hufungua chupa mpya mbele ya mwenye gari. Anayetia mafuta ya injini au ya usukani ili kujaza pengo huvimbisha mipira yote kuanzia masta silinda hadi magurudumuni, na gari hilo litahitaji mipira mipya kila mahali.

Sehemu inayowatenganisha mafundi kabisa iko nyuma, kati ya fremu na eksili: vali inayopima mzigo. Ina mkono uliofungwa kwenye eksili. Bodi ikishuka kwa uzito, mkono unaigeuza vali na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi; gari likiwa tupu zinapunguziwa ili magurudumu yasijifunge. Sasa, pikapu nyingi za kazi huko zimeongezwa bapa za springi ili zisikae chini. Bodi haishuki tena hata ikibeba, na vali inaamini gari ni tupu. Breki za mbele zinabeba sehemu kubwa mno ya kazi, diski zinaungua, na mwenye gari anabadilisha pedi za mbele kila baada ya muda mfupi bila kujua kwa nini.

Wako wanaoufunga mkono huo kwa waya ili nyuma ipate nguvu yote daima. Hilo ni hatari: siku gari liko tupu na mvua imenyesha, magurudumu ya nyuma yanajifunga na gari linageuka. Kazi safi ni kuurekebisha mkono ulingane na springi zilizopo, kisha kuijaribu pikapu ikiwa na trela na ikiwa haina. Katika kutoa hewa, fundi huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, na haisahau vali hiyo ikiwa ina nati yake ya kutolea hewa.

Busta ya breki mwenye gari anaweza kuipima mwenyewe, bila spana. Injini ikiwa imezimwa, akanyage breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu, aubakishe mguu, kisha awashe. Kanyagio lishuke kidogo. Lisiposhuka, katika injini nyingi za dizeli za Toyota za zamani chanzo kitafutwe kwenye mpira wa hewa au kwenye pampu ndogo iliyo mgongoni mwa altaneta. Altaneta ikibadilishwa kwa ya bei rahisi isiyo na pampu, taa zitawaka vizuri na breki zitakuwa nzito kama jiwe.

Trela husahaulika, nayo ndiyo inayoingia majini. Habu iliyotoka kwenye mwendo mrefu ina moto. Ikizamishwa mtoni, hewa iliyomo husinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili hadi kwenye beringi. Kwa Tana, yale si maji tu, ni tope laini la kahawia linalosaga chuma. Wasafirishaji wa boti wanaojua kazi yao hungoja habu ipoe kabla ya kushusha, jambo gumu watu wanapopiga kelele ng'ambo, ila ni la lazima kwa trela itakayorudi tena kesho. Jioni habu na dramu za trela zisuuzwe kwa maji safi, na grisi ikaguliwe: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Uzito wa trela kwenye ndoano uwe asilimia 10 hivi ya uzito wake wote. Ukizidi sana, pua ya pikapu inanyanyuka na breki za mbele zinapoteza ardhi ya kushika.

Jaribio la mwisho lifanyike kwenye barabara tupu, trela ikiwa imefungwa na boti ikiwa juu yake. Pikapu isimamishwe mara tano au sita kutoka kilomita 60 kwa saa, kwa mapumziko mafupi kati yake, kisha fundi na mwenye gari wazunguke pamoja wakisogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Joto la kushoto lilingane na la kulia. Gurudumu lililo baridi halifanyi kazi. Lenye moto kupita mwenzake halijaachia. Likipatikana moja la namna hiyo, jeki inarudi chini ya gari siku hiyo hiyo, kabla boti haijaondoka mjini.